Nani Alimzima Tomasi?

Jumatatu asubuhi kijiwe chetu cha Mbugani kilijaa mapema kuliko kawaida, na sababu ilikuwa sinema. Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili mbele ya kibanda cha kahawa cha Tusekile, kandokando ya mikeka ya jirani anayeanika kokoa, kwa hiyo ukikaa pale nusu saa unarudi nyumbani unanukia vyote viwili. Jumamosi alasiri tulikuwa wote ukumbini kule Bondeni kutazama filamu ya Jubilate, kijana wetu aliyekwenda Dar es Salaam kusomea kamera akarudi anaitwa Dairekta. Filamu inaitwa Mlango wa Ziwani, na inamhusu mama mfinyanzi anayemkumbuka mumewe. Jubilate aliipigia kule ufukweni, nyumbani kwa Tomasi mvuvi, na Tomasi mwenyewe ndiye aliyekubali kuwa huyo mume. Masika yaliyofuata Tomasi akaugua, akafariki, filamu haijaisha kuunganishwa. Basi asubuhi hiyo Jubilate alikuwa amekaa katikati yetu na kikombe chake, anangoja pongezi.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Eliud fundi simu, ambaye tunamwita Betri kwa sababu hakuna jambo duniani asilolieleza kwa umeme.

— Mimi sina ugomvi na mtu, akasema. Nauliza tu. Kile chungu kilikuwa kinangoja nini?

— Chungu gani? Jubilate akauliza.

— Chungu, Dairekta! Kimewekwa dirishani, kikakaa. Tukakitazama, kikatutazama. Nyuma kule watu walipiga kelele mtambo umekwama.

— Haukukwama. Hukuona ule mwanga ukutani? Ulianza kushoto, ukapanda, ukapita juu ya chungu, ukafika kulia. Hiyo ni siku nzima imepita. Sikutaka kuandika "baadaye" kwenye kioo. Nilitaka muuone muda wenyewe unatembea.

— Tumeuona, akasema Tusekile huku anamimina. Mimi nilitoka nikanunua maandazi, nikarudi, nikaukuta bado unatembea.

Tukacheka. Mzee Andongwisye hakucheka. Yeye aliwahi kuwa na kesi ya mpaka wa shamba la migomba, kesi iliyokwenda miaka na miaka mpaka lugha ya wanasheria ikamganda mdomoni. Tunamwita Mahakama.

— Naweka pingamizi, akasema. Mwanga kutembea ukutani ni ushahidi halali. Hata mimi kivuli cha mgomba kilinisaidia kwenye shauri langu. Ila hoja yangu ni ile rangi ya njano. Kwa nini kila yule mama akimkumbuka mumewe nyumba nzima inapata homa ya manjano?

— Umeme mdogo, Betri akadakia. Betri ya kamera ilikuwa inakata roho. Mimi mambo hayo nayaona kila siku mezani kwangu.

— Hapana, jamani. Jubilate akaweka kikombe chini. Njano ni kumbukumbu. Mama akikumbuka, mwanga unakuwa wa koroboi, kwa sababu enzi zao waliwasha koroboi. Akirudi leo, mwanga unakuwa mweupe, wa mchana, hauna huruma.

— Sasa mimi nyumbani nina taa nyeupe tupu, Betri akasema. Nakumbukaje?

— Ndiyo maana hurudishi vikombe vyangu, akasema Tusekile.

Maneno yakapamba moto. Mahakama akasema amelitafakari jambo hilo Jumapili nzima, hata mahubiri hayakumwingia, na amegundua kwamba filamu ile ina mkono wa nchi jirani.

— Ile picha ya ziwa, akasema. Maji meupe, mbingu nyeupe, ng'ambo hakuna. Mheshimiwa Dairekta, ng'ambo ipo! Siku hewa ikiwa safi milima ya Malawi tunaiona. Umeipeleka wapi?

— Palikuwa na ukungu, mzee. Nilingoja ukungu makusudi, ili ionekane kama wakati hauna mwanzo wala mwisho.

— Umesikia? Amekiri. Amefuta mpaka wa nchi kwa ukungu. Kesho na keshokutwa wakija wataalamu, watauliza mpaka uko wapi, na sisi tutawaonyesha sinema!

Jubilate alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilishaanza kuchoka. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu, maana na mimi chungu kile kilikuwa kimenilaza usingizi.

— Haya, na Tomasi? Betri akauliza. Maana mimi nilikwenda kumwona Tomasi. Nimekaa, nimevumilia chungu, nimevumilia ukungu. Tomasi anatokea, anasimama mlangoni, ziwa linang'aa nyuma yake, na yeye mweusi tii! Kofia, mabega, basi. Sura hakuna. Kama simu iliyovunjika kioo: inaita, inatetemeka, ila humjui anayepiga.

— Hapo ndipo moyo wa filamu ulipo, Jubilate akasema, na sauti yake ikabadilika, akawa kama yuko mbele ya walimu wake. Ukimpoteza mtu, kitu cha kwanza kuondoka ni sura yake. Umbo linabaki, sura inafutika. Ndiyo maana nikaweka mwanga wote nyuma. Nilisema hata pale ukumbini kabla hatujaanza.

— Kwa hiyo shahidi ameshindwa kumtambua mtuhumiwa, akasema Mahakama.

— Mimi nasema zaidi ya hapo! Betri akasimama. Yule hakuwa Tomasi kabisa. Tomasi alishaugua, wakachukua koti lake na kofia yake, wakamvalisha mtu mwingine. Giza lile ni la kufichia ujanja. Hata mimi naweza kuwa Tomasi. Tazameni!

Akanyakua kofia ya Mahakama, akaivaa, akaenda kusimama kwenye mlango wa kibanda. Akashika miimo kwa mikono miwili, kichwa akakiinamisha upande, vilevile kama kwenye filamu. Alipatia. Tukacheka mpaka Tusekile akamwaga kahawa.

Mimi ndiye niliyeacha kucheka kwanza, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimeelekea barabarani. Bodaboda ilikuwa imesimama, na mama mmoja mwenye kitenge cha kijani alikuwa ameshuka. Alisimama akimtazama Betri pale mlangoni. Alikuwa mjane wa Tomasi.

— Mugonile, akatusalimia.

Tukaitikia kila mtu kwa wakati wake. Betri akavua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyeingia msibani. Tusekile akampisha mgeni kiti chake mwenyewe.

— Shikamoo, Mama Mercy, akasema Jubilate, amesimama.

— Marahaba, mwanangu. Nimepita kwenu Bondeni, wakaniambia uko huku. Jumamosi sikutaka kukuuliza mbele ya watu wote wale. Sasa naona na huku kuna watu, lakini nishafika.

— Uliza tu, mama.

Alikunja kitenge magotini, akakikunjua.

— Ulisema mtu akisahaulika, sura ndiyo inatangulia kuondoka. Mimi sijaisahau sura ya Baba Mercy. Mercy hajaisahau. Sasa pale mlangoni aliyesahau ni nani?

Nilimtazama Mahakama. Alikuwa anakagua viatu vyake. Betri aligeuza kofia ya watu mikononi, nje ndani, ndani nje.

— Ni... ni mtindo wa picha tu, mama, Jubilate akasema. Mwanga nilikuwa nao. Ningeweza kumwangazia. Niliuzima.

— Ulimzima wewe?

— Mimi.

Hakumkaripia. Alisema tu kwamba ziwa lilipopanda na kuingia ndani, picha zao zote zililoa zikagandana. Iliyobaki ni ya kitambulisho, na pale Tomasi amekaza uso kama mtu aliyekamatwa na samaki wa wizi. Jumamosi alikuja mjini na wifi zake wawili, wamevaa vizuri, kuja kumwona.

Jubilate akatoa simu. Alianza kupekua kwa kidole, harakaharaka, halafu polepole. Akasema kuna kipande alichokichukua kwa simu siku ile, kabla ya kazi, wakati wanajaribu mwanga. Hakukitia kwenye filamu kwa sababu kiliwaka mno, kila kitu kinaonekana, hakina siri yoyote. Akakipata, akamkabidhi Mama Mercy.

Mama Mercy akainamia kioo, akakigeuza huku na huku.

— Sioni kitu. Najiona mwenyewe.

Lilikuwa ni jua, jua lile la baada ya mvua linalochoma kioo kikageuka kuwa chuma. Betri akavua jaketi lake, akalitanda juu ya kichwa cha mama. Mahakama akaja upande wa pili akaziba kwa mwili wake, Tusekile akaleta upande wa kanga, na mimi nikasimama mbele. Tukamtengenezea giza pale barabarani, watu wanapita wanatushangaa, na ndani ya giza lile Tomasi akaonekana.

Alikuwa amefumba jicho moja kwa sababu ya mwanga. Pengo la mbele wazi. Akauliza asimame wapi, sauti ya Jubilate ikamjibu hapohapo panatosha. Akacheka, akageukia ndani ya nyumba, akaita: "Mama Mercy! Hebu njoo umwone huyu kijana, eti anataka mimi..."

Kikaishia hapo.

Mama Mercy alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza, na mwanzoni sikujua kama analia. Alikuwa anacheka.

— Ndiyo huyo, akasema. Ndiyo huyo sasa! Nilikuwa natoa vyungu tanuruni, sikwenda. Akainua uso kwa Jubilate. Eti unataka yeye nini? Alikuwa anataka kuniambia nini?

Jubilate akafungua mdomo. Akatazama simu, akatazama mikeka ya kokoa, akapangusa uso.

— Sikumbuki, mama.

Mama Mercy akatugeukia na sisi, mmoja mmoja, sisi tulioeleza chungu na ukungu na mpaka wa Malawi. Jaketi lilikuwa linashuka, Betri akalinyanyua tena.

— Ndaga, akashukuru Mama Mercy, akaiinamia tena simu. Rudisha mwanzo, mwanangu. Labda mara hii atamalizia.