Shukrani kwa Paka

Kwenye basi la Saskatoon, msichana mbele yangu alikuwa akiipakata tasnifu yake ya uzamili kama kichanga. "Imepita, bibi! Septemba naanza uzamivu, na msimamizi ni yuleyule, Profesa Friesen!"

Bibi wa kiti cha pembeni yake, asiyemjua hata jina, akafungua ukurasa wa shukrani. "Umemshukuru paka. Umemshukuru muuza kahawa. Friesen yuko wapi?"

Msichana akacheka mpaka machozi, nami nikajifanya natazama theluji. "Mama yangu! Na jana nimempa nakala!"

"Kamwombe radhi, mwanangu."

"Thubutu! Yule huanzia kwenye marejeo, kutafuta jina lake; shukrani hata hazisomi."

Basi likasimama chuoni. Kituoni alisimama mzee, tasnifu kama ile mkononi, ameifungua kwenye kurasa za mwanzo.

"Bibi," msichana akanong'ona, "basi hili linaishia wapi?"