Bei ya Dukani kwa Sauti ya Ismaël

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mliozoea kunisikia nikizungumza kwa upole, leo mnivumilie. Tunamkumbuka Ismaël Hakizimana, muuza DVD wa Kimironko, na nimeingia studio nikiwa na hasira. Hasira yenyewe nimeichukua kwa mjane wake, Mukasine. Amenipa ruhusa niiseme yote, nisipunguze.

Ismaël Hakizimana. Muuza DVD. Na mfasiri wa filamu, maana wengi wenu mnamjua zaidi kwa hilo. Ni zile tunazoziita agasobanuye: filamu ya kigeni inacheza, na juu ya sauti za wachezaji kuna mtu anakueleza kwa lugha yako nani anamdanganya nani. Mtu huyo alikuwa Ismaël. Alifasiri kwa Kinyarwanda. Ila moja aliifasiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya mama yake, mama wa Nyamirambo mwenye asili ya wafanyabiashara wa pwani. Moja tu. Muikumbuke hiyo. Mambo ya vibali vya filamu mtaniuliza siku nyingine. Leo tuna msiba.

Mukasine alimkuta dukani akicheka peke yake mbele ya televisheni. "Nikasema huyu mwanaume ana wazimu," ananiambia. "Haukupita muda, huyo mwenye wazimu akanioa."

Duka la Ismaël lilikuwa na desturi yake. Hulipi kwanza. Unakaa kwenye benchi, yeye anaweka DVD kwenye deki, mnatazama mwanzo, mnatazama katikati, mnatazama karibu na mwisho. Ikikwama anakutafutia nyingine. Isipokwama, ndipo unatoa pesa. Walikaa pale walinzi wa Kiyovu wasio na bando za kuchezea. Walikaa wake wa askari wa Kanombe. Benchi lilikuwa la kila mtu.

Kisha zikaja simu. Mtu anakaa, anatazama bure, anamuuliza Ismaël ipi ni nzuri, anaelezwa. Halafu anatoa simu, anaangalia bei ya mtandaoni, anainuka na kwenda zake. Hata asante haachi! Wasikilizaji, kulinganisha bei si kosa. Mimi mwenyewe nalinganisha. Lakini kumtumikisha mtu mchana kutwa, ukala ujuzi wake, kisha ukanunua kwa mwingine, mimi sina jina la adabu la kukuita.

Aliyewazidi wote aliitwa Évode. Kijana wa heshima mdomoni, mteja wa kila siku. Alikuwa anasoma bei kwa sauti, benchi zima lisikie.

"Mzee, hii kwenye internet iko elfu moja! Wewe unauza elfu moja mia tano? Iko namna gani?"

Ismaël alicheka tu. Évode akaomba kupiga picha jalada la ile ya Kiswahili, eti alinganishe vizuri. Ismaël akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaliinua kwenye mwanga ili picha itoke safi. Mukasine alikuwepo. Aliona kwa macho yake.

Basi Ismaël akashusha bei. Elfu moja mia tano ikawa elfu moja, afanane na mtandao. Mukasine alimpigia kelele: utalipaje pango la duka? Akajibu kwamba wateja watarudi wakiona bei imeshuka. Hawakurudi. Duka likafungwa. DVD zikauzwa kwa jumla, deki ikauzwa, kompyuta aliyorekodia ikauzwa. Mwanaume aliyezungumza maisha yake yote akakaa nyumbani kimya. Presha ikapanda, na asubuhi moja hakuamka.

"Watu wanasema presha," anasema Mukasine. "Waseme. Mimi najua mume wangu ameuawa na ile elfu moja."

Kwenye maziko Évode alilia kuliko ndugu. Akasimama mbele ya watu akasema, "Mzee alikuwa mwalimu wangu." Mukasine akamshukuru. Akamshukuru, wasikilizaji!

Dua ilipokwisha na wageni kutawanyika, Mukasine alitaka kitu kimoja tu: kuisikia sauti ya mumewe. Picha zilikuwa tele. Sauti hakuna. Aliitaka ile filamu ya Kiswahili, maana mwanzoni mwake Ismaël anasalimia kama anavyosalimia nyumbani. Ila zote zilikwenda na ile jumla. Akauliza soko zima, akakosa.

Binti yao, Raïssa, akaitafuta mtandaoni. Akaipata. Elfu moja, na picha ya jalada. Akampa mama simu aone.

Mukasine alitazama picha ile, akakaa chini. Pembeni palikuwa na kitambaa cha kijani alichokitandika yeye mwenyewe kwenye kaunta ya duka, chenye alama ya pasi iliyounguza. Na jalada limeshikwa na mkono. Mkono wenye pete. Mkono wa Ismaël.

Alimwambia Raïssa aagize, iletwe langoni pa soko la Kimironko, mahali ambapo yeye sasa anauza vitenge. Jibu likaja: DVD elfu moja, moto, yaani pikipiki ya kuileta, elfu moja mia tano. Jumla elfu mbili na mia tano. Mnasikia, mabingwa wa kulinganisha? Hiyo ya moto Évode hakuwahi kuisoma kwa sauti.

Moto ikafika. Dereva akavua kofia. Évode.

Alipomwona ni nani anayemngoja, alitaka kuivaa tena.

"Mama... mimi naleta tu komande, oda ya watu."

"Ya nani?"

Évode akajifanya anakagua breki ya pikipiki.

"Nimekuuliza, Évode. Ya nani?"

"Ni yangu, Mama. Lakini iko biashara tu. Kila mtu anafanya. Chukua, hiyo nakupa bure."

"Bure!" Mukasine alipaza sauti, wauza vitenge wote wakageuka. "Ulikaa kwenye benchi yake, ukanakili sauti yake, ukamtangazia bei yako mwenyewe ndani ya duka yake! Ukalia kwenye kaburi yake! Leo unanipa mume wangu bure?"

Akahesabu elfu moja mia tano mbele ya watu, akamtia mkononi.

"Hii ni bei ya dukani. Ya moto silipi. Na ile picha uitoe, mkono huo si wako."

Évode akaitoa palepale, na soko linamtazama. Kisha akawasha pikipiki akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mukasine, kwa Raïssa na kwa ukoo wote wa Hakizimana, tunasema poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Ismaël. Nanyi mlio na simu mkononi sasa hivi, jiulizeni: ni benchi la nani mmelikalia bila kulipa? Kama mwenyewe yu hai, nendeni leo.

Mukasine ameniazima ile DVD. Nilitaka kumalizia kwa maneno yangu, lakini yeye amesema hapana, amalize Ismaël mwenyewe. Haya, msikilizeni.

"Karibu, karibu! Hapa ni Ismaël wa Kimironko. Kama hii DVD umenunua kwangu, asante sana. Kama umenunua pengine, hakuna shida, sikukasirikii. Ikikwama, lete kwangu. Duka iko wazi. Kuja ukae, tujaribu pamoja, ndiyo ulipe."