Jieleze Anastaafu: Mkuu wa Uchunguzi Asiyechunguza

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mkuu wa Kitengo cha Uchunguzi wa Ndani wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jarida limeniomba mimi, msimamizi wa wauguzi, niandike wasifu wake. Wengine walioombwa kabla yangu walipatwa na dharura.

Alianza kama mlinzi wa geti la magari, akapanda hadi ofisi yenye zulia, kiti kirefu cha kwake na kifupi cha mgeni. Tunamwita Jieleze, maana hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila aingiaye, hata anayempelekea chai.

Kiswahili kimempa mtu wa kazi yake vitenzi vya kutosha. Usipojua na ukataka kujua, unauliza. Unaweza kumhoji mtu ili atoe maelezo yake wazi, kumsaili akitaka kazi, kumdodosa polepole mpaka alilolificha limtoke lenyewe. Ukisumbuliwa na hamu ya kujua mambo ya watu, unadadisi. Ukifanya hivyo kwa kujificha, unapeleleza. Na unaweza kuchunguza, yaani kusogea karibu na kitu chenyewe ukakitazama. Jieleze alivitamka vyote hivi vikaoni kwa sauti nzito. Alichofanya kilikuwa kimoja tu: kumkazia mtu macho mpaka afanane na mwizi.

Waliwahi kumkaribisha kwenye usaili wa madereva. Akamtazama kijana wa kwanza kuanzia viatu hadi nywele, akamuuliza, "Mara ya mwisho uliiba lini?"

Kijana akajibu kwa adabu zote, "Bado sijaanza kazi, mzee."

Hakupewa kazi. Nasikitika hadi leo, maana ndiye pekee aliyejibu swali la Jieleze kwa namna lilivyostahili.

Kilele cha utumishi wake kilikuwa suala la mashuka. Ndani ya ukuta wa jengo letu mna njia ya wima. Wauguzi wa ghorofa za juu hutupa humo mashuka machafu, nayo hushuka hadi chumba cha kufulia. Mwaka juzi mashuka yakaanza kupungua. Jieleze akamwita mfuaji wetu, Mama Foronya, mwanamke anayekunja foronya zikanyooka kama zimepigwa rula.

"Jieleze."

"Nijieleze nini, baba? Yasiyonifikia sijayaona."

"Huko nje nani anayapokea mashuka?"

Aliendelea hivyo siku baada ya siku. Kisha akaamua kupeleleza. Alikwenda mtaani kwa yule mama kuwauliza majirani kama wamewahi kuona mashuka mapya kwenye kamba yake, na alikwenda akiwa amevaa kofia yenye nembo ya hospitali. Kufika jioni mtaa mzima ulishaamua kesi. Wakwe watarajiwa wa binti wa yule mama wakapunguza miguu. Mama Foronya akasimamishwa kazi, akaondoka na ndara zake kwenye mfuko, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza zaidi ya mlango.

Wakati huohuo ukumbi wa ghorofa ya pili ukaanza kunuka. Jieleze akafungua uchunguzi wa pili, watuhumiwa wakiwa wafagizi. Kwa hiyo tukawa na mashuka yasiyojulikana yalikokwenda, harufu isiyojulikana itokako, na mtu mmoja mwenye mafaili yote mawili mezani pake.

Nilimfuata. "Mkuu, mwite fundi afungue ukuta."

"Ukuta hauhojiwi, sista."

"Basi uchunguze."

Akaniambia nisimfundishe kazi. Hapa tupo hospitalini, mahali ambapo daktari humchunguza mgonjwa kila siku kwa kumpapasa, kumsikiliza kifua na kumpima damu, na sijawahi kuona hata mmoja akililazimisha tumbo likiri.

Asubuhi moja alimbana mfagizi palepale ukumbini. Akaegemea kijimlango cha ukutani cha ile njia ya mashuka ili atishe vizuri. Bawaba zikaachia. Mashuka yakamporomokea, mabichi, yenye ukungu, yakifuatwa na godoro la mtoto ambalo mvivu fulani alilitupa humo likaziba njia. Yalimfikia magotini. Jieleze akatazama viatu vyake, akamtazama mfagizi, akauliza, "Nani ameyaweka haya hapa?"

Mfagizi alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Foronya akarudishwa. Kwenye kikao cha wafanyakazi wote, Jieleze alisimama akatangaza kwamba uchunguzi umekamilika kwa mafanikio. Mkurugenzi akatikisa kichwa kuafiki. Mkurugenzi huafiki chochote kinachokaribisha chai. Ndipo Mama Foronya akasimama nyuma, mikono imekunjwa tumboni.

"Baba, siku zile uliponihoji, ulitaka kujua nini?"

Jieleze akamgeukia. Nilidhani atamwambia akae.

"Nilitaka ukubali," akasema.

"Nikubali nini?"

"Chochote."

Sijamsikia akisema neno la kweli kuliko hilo. Mama Foronya akamwambia, bila kupandisha sauti, "Basi twende ukawaambie hivyo wakwe zangu." Na alikwenda. Niliwasindikiza. Katika sebule ndogo iliyojaa shangazi wa bwana harusi, walionuna wote, Jieleze alivua kofia akasema, "Huyu mama hakuiba. Mimi sikuangalia." Binti aliolewa, na sasa ana mtoto.

Tusimpambe kupita kiasi. Jumatatu iliyofuata aliyempelekea chai alipokewa kama kawaida. Lakini haki yake tumpe: kuna wakubwa wengi wanaostaafu bila kutamka sentensi ile hata mara moja.

Kwa hiyo tunamshukuru Mkuu kwa kuwahi kazini kila siku, na kwa maneno aliyoyasema sebuleni kwa watu. Nimemuuliza Mama Foronya, kwa kutaka kujua tu, kama atahudhuria hafla.

"Nitakuja mapema," akasema. "Nataka nimwone kwa macho yangu akitoka, nisije nikasimuliwa."

Nenda salama, Mkuu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na majirani wasio na siri.