Uzi Mikononi mwa Mgeni

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi tangu Jumatano. Mimi Twalibu, mtoto wa dada yake marehemu, nimeagizwa na familia niwasomee maisha ya mama yetu mdogo, Bi Sikujua binti Kondo, leo Jumamosi tarehe 15 Aprili 1995, siku tunayoanua tanga hapa Kibiti, na nikikosea mahali wakubwa watanirekebisha, ila nisiporemba maneno mnisamehe, kwani marehemu mwenyewe hakupenda kusifiwa na mtu aliyesimama mlangoni.

Marehemu alizaliwa Mtawanya mwaka 1936, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Kondo, akasoma Kurani chuoni hapo hapo kijijini mpaka akahitimu, shule ya serikali hakuiona, kwa kuwa enzi hizo mtoto wa kike akijua kusali na kutwanga ilionekana amemaliza masomo, na kusoma na kuandika alijifunza mwaka 1975 katika elimu ya watu wazima, akiwa mtu mzima kweli kweli, akibanana kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, naye akicheka kuliko wote.

Mwaka 1955 aliolewa na marehemu mzee Amri Shaabani wa Ngorongo, na mwaka uliofuata akamfuata mumewe kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, binti wa bondeni aliyezoea jua la Rufiji, akafika mwezi wa Juni na kanga zake mbili, baridi ikamkaribisha kwa ukali, na aliyemwokoa alikuwa mama mmoja wa Kibena, jirani yake wa nyumba za wafanyakazi, ambaye walikuwa hawasikilizani hata lugha, akamfundisha kufuma. Siku ya kwanza mama yule alimnyoosha mikono miwili, akamvika fungu la uzi wa sufu viganjani, akaanza kuvuta na kuviringa donge, na hapo marehemu akaona jambo ambalo hakulisahau, kwamba kuviringa uzi kunataka watu wawili, na aliyeshikishwa uzi hawezi kuinuka mpaka fungu liishe, apende asipende atakaa, na akikaa atazungumza.

Tarehe 3 Mei 1958 Mwenyezi Mungu aliwajaalia mtoto wa kike, wakamwita Kudra, na marehemu akamfumia kijisweta cha manjano, kazi yake ya kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kudra alifariki Julai 1959 kwa kichomi, akazikwa huko huko Mufindi, kijisweta kikarudi na mama yake. Baada ya hapo hakujaaliwa mwingine, na sisi watoto wa dada yake, ambao tungekuwa watoto wake, wengi wetu tuko Dar es Salaam, na ninyi mnaijua Dar es Salaam inavyomeza watu.

Walirejea mwaka 1974, wakajenga hapa tulipokaa, marehemu akapewa kazi ya kuuza duka la kijiji, na mnaikumbuka ile miaka ya shida, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, watu wanashinda barazani kwake tangu alfajiri wakingoja lori ambalo pengine halikuja, wanasimuliana, wanagombana, wanapatana, na hata mzee Amri alipofariki mwaka 1982 nyumba haikuwa kimya siku moja, kwani wenye shida ya sabuni walikuwa pia wenye kumjulia hali. Kisha ikaja ruhusa, maduka ya watu binafsi yakajaa kila kitu, wote tukashukuru, na duka la kijiji likafungwa mwaka 1987. Hakuna aliyekuwa na haja ya kungoja tena kwenye baraza la Bi Sikujua. Alituambia siku moja, bila kinyongo, kwamba alikuwa akimwomba Mungu sukari ipatikane, ikapatikana, ikaondoka na watu.

Ndipo akarudi kwenye sindano zake, miguu yake ikiwa imeshaanza kuvimba na jembe amelitua, na mitumba nayo imefika, akawa mtu wa kwanza mnadani na wa mwisho kuondoka, akinunua masweta makuukuu ambayo hapa kwetu yalikosa hata mtu wa kuyagusa. Watu walimtania kwamba Kibiti hii na joto hili sweta la nini, naye huyo nyumbani, anafumua sweta zima mpaka linakuwa uzi mtupu, anaufua, anauanika, kisha anangoja apite mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwa Bi Sikujua mgeni alipewa uzi siku ile ile ya kwanza, hata kabla ya maji ya kunywa. Kila mtoto aliyezaliwa mtaa huu alipata kofia yake, hilo halina ubishi, lakini kofia ya kichanga uzi wake kiganja tu, na wengi wenu mliwahi kushikishwa uzi ule ule wa kijani mwaka huu na mwaka juzi, mkasema Bi mkubwa ameanza kusahau. Hakuwa anasahau. Alikuwa anafuma, anafumua, anafuma tena, ili uwepo uzi wa kuviringa.

Wakati mgumu kwake ulikuwa huu wa mwanzo wa masika, mvua zinapoanza, mpunga uko shambani, na mtaa mzima unafunga milango na kushuka bondeni kulala kwenye madungu, kuamia ndege na kuzuia nguruwe. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kulinda chakula chake. Yeye alibaki juu huku na milango iliyofungwa, akifungulia redio asikie sauti ya mtu, akilivika fungu lake kwenye miguu ya kigoda iliyogeuzwa juu, kazi inakwenda, lakini kigoda hakina habari za mjini.

Mwezi uliopita presha ilimzidi. Jirani yetu Mwanaidi, aliyepanda kutoka shamba kufuata chumvi na viberiti, alipita kumwamkia huku chumvi iko kichwani, na marehemu akamwambia, "Nshikie uzi huu kidogo tu, mwanangu." Mwanaidi akanyoosha mikono, akavikwa uzi mwembamba, wa zamani, uliojikunja, rangi ya manjano, akauangalia unakotoka, akaona ndani ya ungo kijisweta kilichofumuliwa nusu, mkono mmoja ungali mzima.

"Mama, hiki si cha Kudra?"

"Nyuzi nyingine zimekwisha, ule wa kijani umekatikakatika, na mnadani siwezi kufika."

"Sasa unakifumua?"

"Kudra hana baridi tena, mwanangu. Wewe ndiye mwenye haraka."

Mwanaidi aliuvua uzi ule mikononi, akaurudisha ungoni, chumvi akampa mtu aliyekuwa akishuka ampelekee mumewe, akakaa. Alikaa mpaka marehemu alipopelekwa kituo cha afya, akakaa na huko, na ndiye aliyekuwa naye Jumatano tarehe 12 Aprili, alfajiri, roho ilipotoka kwa utulivu, wakiwa wanazungumza habari za mama yule wa Kibena.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa duka la kijiji waliobeba jeneza, masheikh wetu, na majirani wote. Mwanaidi, wewe hatujui tukuambie nini. Kile kijisweta tumekiacha kilivyo, nusu kimefumwa na nusu uzi, na hakitafumwa tena.

Tangu Jumatano mpunga wenu uko na ndege, mvua inanyesha, na mikeka hii haina nafasi. Tunashukuru, na tunaumia, kwa sababu mmejaa barazani kwake kama zama za sukari, na hakuna hata mmoja wenu aliyeshikishwa uzi.

Mama mdogo, Mungu akulaze pema pamoja na Kudra wako. Pumzisha mikono. Watu wamekaa.