Maneno Mawili ya Mwalimu Romano Gidudu

Ndugu waombolezaji, hii ni historia ya Mwalimu Romano Gidudu, inayosomwa na dada yake mkubwa, Eseza Nambozo, ambaye wazee wa ukoo walimwomba aisome kwa upole, naye akakubali kuisoma. Baada yake ratiba inampa nafasi Bwana Kirunda wa Jinja azungumze kama rafiki wa marehemu, kwa hiyo ni vizuri mambo yenyewe yatangulie, rafiki ayakute yameshakaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Wanale, mtoto wa tatu wa mzee Mafabi, akaanza shule ya msingi hapo hapo pamoja na Eseza, ambaye aliishia darasa la sita kwa sababu nyumba ilikuwa na nafasi ya msomi mmoja tu, kisha akasoma sekondari Mbale mjini, na mwaka 1966 akamaliza hisabati chuo kikuu huko Kampala. Januari 1967 aliajiriwa katika chuo cha ufundi Jinja, na tarehe 6 Desemba 1969 akafunga ndoa na Proscovia Nangobi, wakajaliwa watoto wanne, wote mnawaona hapa mbele.

Kazi yake ilikuwa mishale. Alijaza ubao mishale midogo, kila mmoja ukionyesha maji ya mto yanakwenda wapi na kwa nguvu gani, halafu akauliza mambo mawili tu. La kwanza, ukichora duara dogo kuzingira nukta moja, je, maji yanayotoka yanazidi yanayoingia, maana yakizidi kuna chemchemi humo ndani, na yakipungua kuna tundu linalomeza. La pili, ukitupa jani hapo, je, linajigeuza lenyewe, na hapa aliwakera wengi, kwa kuwa jani linaweza kujigeuza katika maji yanayokwenda moja kwa moja, ikiwa upande mmoja unakimbia kuliko mwingine, na tena maji yanaweza kulipitisha jani duara zima bila kuligeuza hata kidogo. Eseza alielezwa hayo kando ya mto huko Jinja, akaelewa mara ya tatu, akiwa ameshakasirika.

Mwaka 1978 chuo kililetewa mafundi wa jeshi, wengi watu wa kaskazini kama Koplo Ojok, Kiingereza chao kikiwa kidogo, marehemu akawafundisha kwa Kiswahili, na kwa kuwa vitabu havikumpa maneno alichukua ya kwao ya kijeshi, jambo la kwanza akaliita kutawanyika, la pili kuzunguka. Februari 1979, vita vikiwa vimeshaingia kusini, mtu alikwenda kambini kusema kwamba mwalimu wa kabila la Wagisu anawafundisha askari kutawanyika na kuzunguka, na mishale yote iko ubaoni. Walimchukua tarehe 19. Ofisa alimuuliza, "Unataka kuzunguka nani?" naye, kwa ukaidi wa watoto wa Mafabi, akajibu, "Sizunguki mtu, afande. Ni jani." Jibu hilo lilimgharimu vidole vinne vya mkono wa kulia.

Askari walipokimbia mwezi Aprili alitoka kizuizini, akamkuta Bwana Kirunda, aliyekuwa akifundisha fizikia chumba cha pili, amekalia kiti cha mkuu wa idara kilichokuwa cha marehemu, na Proscovia na watoto wametolewa katika nyumba ya chuo ili Kirunda aingie. Kirunda alisema ulikuwa uvumi wa mji, kila mtu aliusikia. Marehemu akawaendea waliousikia, Mutwalibu wa duka, Margret wa ofisini, Ojok mwenyewe, akimuuliza kila mmoja ameupata kwa nani, na kila nyumba uvumi ulikuwa umeingia kabla ya kutoka, isipokuwa nyumba moja iliyotoa bila kupokea. "Dada," alimwambia Eseza, "chemchemi ndiyo hiyo." Askari wale walikosea neno, lakini mwalimu wa fizikia alijua mishale ile ni ya nini. Marehemu hakudai kiti wala nyumba, alitaka Kirunda aseme mbele ya watu kwamba ni yeye, na Kirunda akawa anafuta miwani.

Mwaka 1980 alihamia Nakaloke, akafundisha sekondari kwa mkono wa kushoto, mishale ikiinama kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na wanafunzi wakafaulu. Presha na figo vilimshika Juni 1990. Kirunda alikuja kumwona hospitali, akasema yaliyopita yamepita, marehemu akageukia ukutani, na machungwa aliyoyaleta Kirunda, Eseza akayapeleka kwa mbuzi. Alifariki Mbale tarehe 3 Oktoba 1991, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nakaloke waliopika na waliochimba, Ojok aliyekuja kwa basi na mguu wake mbovu, na walimu wenzake wote wa Jinja, kasoro mmoja. Wazee walitaka jina la huyo mmoja lifutwe kwenye ratiba, Eseza akakataa, ila kipaza sauti mtu huyo atapewa kwa ajili ya sentensi ile tu aliyoipeleka kambini, kwa Kiswahili kile kile, na kama imemshinda aondoke kabla mkono wake haujagusa udongo huu.

Romano, mtoto wa Mafabi, pumzika wewe kwa amani. Bwana Kirunda, simama.