Kadi Ishirini na Saba za Binti Yangu

Neno limepita! Jumanne iliyopita, saa tano kasorobo, mhariri mkuu alitia sahihi kadi zote ishirini na saba za neno la Kiingereza "board". Binti yangu anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, bila kuacha kiporo hata kimoja mezani.

Haya, sasa ndiyo nasalimu. Hamjambo nyote wa ofisi ya kamusi ya Kiswahili na Kiingereza? Jarida lenu limezoea kuandikwa na wafanyakazi wenzake, lakini safari hii katibu wenu alikuja nyumbani akaniambia, "Mama, wewe umeifanya kazi hii miaka mingi kuliko sisi, ila hukupewa kiti." Nikamwambia alete karatasi. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo darasa la nne nilishika namba moja. Asiyependa majivuno ageuze ukurasa, kuna tangazo la maegesho huko nyuma.

Binti yangu aliingia ofisini humo miaka thelathini na mitatu na miezi minne iliyopita, mpiga chapa wa muda, kibarua cha miezi mitatu. Wiki ya pili walimpa kadi ya neno "nyundo" aichape. Akairudisha haijachapwa, ameandika pembeni kwa penseli kwamba aliyeeleza nyundo namna ile hajawahi kujigonga kidole. Mtoto wa mwingine angefukuzwa. Wangu akapewa meza, na jina la Bi Kadi likamganda tangu siku hiyo.

Mnakumbuka mvua iliyobomoa dari? Wenzake walikimbia kuokoa mikoba yao. Yeye alibeba droo sitini za kadi, mojamoja, akazipanga kwenye ngazi ambako hapakuvuja, kisha akazifunika kwa koti lake na kukaa hapo mpaka mvua ikakatika. Kikohozi kilichofuata ni mimi niliyekiuguza, si ofisi. Na maneno ya gereji je? Alishinda siku tatu akimfuatafuata fundi magari na daftari, hadi mke wa fundi akaja kwangu kuuliza kulikoni. Nikamwonyesha kadi ya "gasketi", kile kipande cha kuziba maungio ya injini mafuta yasivuje. Akaondoka ameridhika, na ameijua gasketi.

Kwa wafanyakazi wapya, nieleze desturi iliyoniingiza mimi katika mambo haya. Kadi haiendi kwa mhariri mkuu mpaka mwandishi aisome kwa sauti mbele ya msikilizaji wake, mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, ambaye hakuvuka darasa la saba. Msikilizaji akielewa, anatia sahihi nyuma ya kadi. Asipoelewa, kadi inarudi. Wengine walichagua mlinzi, mwingine alichagua muuza mboga. Wangu alinichagua mimi. Miaka yote hii nimeisikiliza kamusi huku nachambua mchele, na nimerudisha kadi mia mbili na tatu. Sijutii hata moja.

Sasa hilo neno "board". Alipewa miaka miwili iliyopita, akaniambia, "Mama, hili ndilo la mwisho." Nikadhani neno moja ni kazi ya wiki. Kumbe Waingereza neno moja wanalitumikisha kama punda wa ukoo! Ni mbao. Ni ubao wa mwalimu. Ni chakula cha mpangaji. Ni kupanda meli, na siku hizi hata ndege. Ni shule ya bweni. Ni wale wakubwa wanaokaa kikao na chupa za maji. Kila maana na kadi yake, kila kadi na mifano mitatu.

Na sheria yenu mnaijua. Neno ambalo halijapita siku mwandishi anapostaafu, anapewa mwingine alianze upya, na kadi za kwanza zinatiwa kwenye bahasha na kupelekwa stoo. Miaka miwili ya macho ya mwanangu, iende stoo!

Zilipobaki siku kumi na moja, akaja kunisomea. Akaanza na wale wakubwa: "Chombo cha kiutawala kilichokasimiwa mamlaka ya kusimamia taasisi." Nikamwambia, "Vyombo mimi nakosha kila siku, hicho sijakiona." Hakucheka. Akasoma ya mbao, akasoma ya chakula, akasoma ya meli. Kila moja peke yake niliielewa. Lakini zimekaaje pamoja, kama ndugu ambao hawajuani? Nikamuuliza hao watu wa kikao wanahusiana nini na mbao. Akasema mhariri mkuu ameagiza maana inayotumika sana itangulie. Nikamwambia, "Mwanangu, unanisimulia ukianzia mkiani."

"Mama, tia sahihi tu. Nimebakiwa na siku kumi na moja."

"Siku nimezihesabu. Neno ndilo sijaliona."

Nawaambieni ukweli, kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ni mwanangu, nimemzaa, na nilijua zile kadi zinakwenda wapi. Lakini sahihi yangu ndiyo iliyomfikisha pale, na kama ningeitoa bure safari ile, basi zote za nyuma zingekuwa za bure. Nikaiweka kalamu chini. Siku tatu nyumba ilikuwa "Shikamoo mama", "Marahaba", basi.

Siku ya nne nasikia hodi. Ni fundi seremala wa mtaa wa pili, na mbao ndefu begani. "Mama, hii niiweke wapi? Binti yako ameniagiza, nikimuuliza ya nini ananiambia ya kusomea!" Binti yangu akatoka, akaipokea, akaiegemeza ukutani. Akasema, "Mama, hii ndiyo ya kwanza. Kiingereza cha kale, bord. Mbao tu. Ubavu wa meli ulikuwa mbao hizihizi, ndiyo maana kupanda meli kunaitwa hivyo mpaka leo."

Kisha akailaza juu ya ndoo mbili zilizofudikizwa. "Sasa ni nini?"

"Meza," nikasema, "tena mbovu."

Akaleta sufuria ya wali, akaipakua hapo juu. Akanieleza kwamba wazee wa Kiingereza waliita meza kwa jina la mbao yake, halafu chakula wakakiita kwa jina la meza yake. Mpangaji anayelala na kula, mwanafunzi anayelala na kula, wote jina lao limetoka hapo. Halafu akamwita kaka yake, akamwita wifi yake, akanivuta na mimi, tukakizunguka kile kimbao. Akasema, "Sasa amueni nani ataosha vyombo."

Jamani! Kaka yake akasema yeye ni mgeni. Wifi akamwambia, "Mgeni gani, ndani ya nyumba uliyozaliwa?" Mimi nikasema mwenye nyumba haoshi. Fundi seremala, aliyekuwa bado mlangoni, akapendekeza tupige kura, akapewa sahani. Tukabishana mpaka wali ukapoa. Binti yangu amekaa, anatutazama tu. Ndipo likaniingia: watu wameizunguka meza, wanaamua kazi itakayofanywa na mwingine. Hao ndio wale wakubwa wa kikao! Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikasema leta kadi. Nilizitia sahihi zote ishirini na saba, kwa mpangilio ule: mbao, meli, meza, chakula, watu.

Mhariri mkuu hakupenda. Alisema mpangilio wake ndio mpangilio wa ofisi. Binti yangu, na hapa ndipo mjue nimezaa, akamgeuzia kadi moja moja na kumwonyesha jina langu nyuma. Alimkumbusha kwamba desturi ni kupeleka kadi kama msikilizaji alivyozielewa. Bwana yule akasoma kuanzia mbao mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu mama yako amesoma mpaka wapi?" Alipoambiwa, akasema, "Angepita darasa la nne, tungekuwa bado tuko herufi A." Akachukua kalamu yake.

Nawashukuru nyote mlionilelea mwanangu mchana, mimi nikamlea jioni. Nawe Bi Kadi, mwanangu, umefanya kazi mpaka kazi imekuheshimu. Afya ikuandame, usingizi ukukolee, na asubuhi zako zote ziwe za kwako sasa.

Hafla ya Ijumaa ofisini ni ya wenye vitambulisho. Lakini neno hili si la wenye vitambulisho peke yao. Wasikilizaji wote, walinzi, wauza mboga, fundi magari na mkewe, nawaita kwangu. Binti yangu atazisoma kadi zote kwa sauti, na safari hii hakuna wa kutia sahihi. Njooni nyote Jumapili, tarehe mbili, saa nane mchana.