Kila Mtu Ana pa Kumweka Dereva

Benchi la muuza kahawa liko nje ya karakana ya malori, chini ya bati lililotoboka. Asubuhi hiyo Fundi Antena, mwanamke anayefunga vifaa vya kufuatilia malori, alikaa pembeni na kompyuta mapajani, kahawa yake imepoa. Kaka yake, dereva, alikuwa hapokei simu tangu jana. Kifaa cha lori lake kilizimika, kikawaka tena kumbukumbu zote zimefutika. Kilikuwa kinatuma tu umbali wake kutoka kwa setilaiti nne.

— Sasa programu yako imekwama wapi? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Inataka kwanza nikisie alipo, ndipo irekebishe.

— Andika mpakani. Foleni ya pale inameza watu.

— Mpakani wapi, akadakia Kinyozi. Yuko kwa yule mama wa chai, kwenye mizani ya malori.

— Nyie bado wageni, akasema muuza kahawa akimimina. Lori kashauza. Saa hizi yuko melini, anavua papa.

Wakacheka. Fundi hakucheka.

— Kila mtu hapa ana pa kumweka. Mimi namtaka alipo. Sikisii.

— Usipokisia utaanzia wapi? akauliza Breki.

— Sianzii popote. Hesabu ya setilaiti moja naitoa kwenye nyingine, na kosa la saa ya kifaa, linalopotosha umbali wote, nalitafuta humohumo. Mwishoni nabaki na majibu mawili.

— Mawili? Kaka yako kagawanyika?

— Moja litakuwa ardhini, jingine mbali huko angani. La angani natupa.

Akaandika, akakosea alama, akafuta yote, akaanza upya. Breki akamwambia apumzike kidogo, hata hakumsikia. Majibu yakatoka. Moja lilikuwa angani kweli. Jingine likaangukia barabara ya milimani, katikati ya lami.

Hapo akafika wifi yake, mke wa dereva, anahema.

— Umempata, wifi?

— Nimempata. Yuko barabara ya milimani.

— Anatembea au amesimama?

Muuza kahawa akatikisa birika, halina kitu.

— Nukta moja haisemi hilo, akasema Fundi, akimpisha akae. Umbali mpya ukiingia nahesabu tena, toka mwanzo.

Ukaingia. Akahesabu, wifi kamshika bega. Nukta ikaangukia mbele ya ile ya kwanza, chini zaidi mlimani, ng'ambo ya kona, bado juu ya lami.

— Anateremka, akasema. Polepole, lakini anateremka.